Zamu ya Mama

Baba yangu alikuwa mgawa maji wa mfereji wetu kule Mhezi, na kama hujawahi kuishi nyumba moja na mgawa maji, mshukuru Mungu wako. Mtu wa namna hiyo haiachi kazi yake mferejini. Anarudi nayo jioni, anagawa nafasi za kuota moto, anagawa ukoko wa ugali, anagawa hata zamu ya kusema. Kaka zangu wawili walikuwa shule ya bweni, nyumbani tulibaki watatu tu, baba, mama na mimi, na bado tulikuwa na foleni.

Sheria za mfereji ule hakuzitunga yeye, alizikuta. Maji ya kijito yalikusanyika usiku kucha kwenye ndiva, lile bwawa la udongo ambalo watu wa milimani kwetu wamekuwa wakilichimba tangu zamani, na asubuhi baba alizibua na kuyaelekeza kwa mwenye zamu. Shamba la mbali lilipata kwanza, kwa sababu udongo wa njiani hunywa maji, na ukianza na wa karibu, wa mbali ataambulia tope. Shamba la mgawa maji mwenyewe lilipata mwisho kabisa, ili asiwepo mtu wa kumnyooshea kidole. Baba aliipenda hii sheria ya pili kuliko chakula. Akipita njiani watu walisema, "Mzee yule hana upendeleo," naye alijifanya hajasikia, huku akipunguza mwendo ili wamalizie.

Tatizo lilikuwa moja tu. Shamba la mgawa maji lilikuwa na jina la baba, lakini jembe lilikuwa la mama. Siku za zamu baba alishika fimbo, akapanda na kushuka kandokando ya mfereji akiamua ugomvi wa watu. Mama ndiye aliyepanda maharage, ndiye aliyepalilia, na ndiye aliyesimama kwenye mdomo wa shamba na jembe begani, akingoja. Kiangazi kikikaza, ndiva ilikauka kabla zamu haijamfikia. Nakumbuka misimu miwili ambayo maharage yake yaliungua kabisa, huku ya majirani yamestawi upande huu na upande ule. Mama hakusema neno. Alingoja mpaka jua likawa kali, akalaza jembe chini ya mgomba, akaenda kuchuma majani ya maboga. Alikuwa na tabasamu fulani alilolivaa wakati huo, tabasamu la mdomo mtupu. Mimi nilidhani hajali. Utoto ni ujinga.

Azimio lilipotangazwa redioni, habari za kugawana na kufanya kazi pamoja na kutonyonyana, kijiji kizima kilijadili wiki nzima. Baba hakushangaa hata kidogo. Alisema tu kwamba serikali imechelewa. Moyoni nadhani aliamini kuna mtu alipita Mhezi, akamwangalia anavyogawa maji, akaenda kuandika. Tangu siku hiyo aliita kila mtu ndugu. Alimwita mchungaji ndugu, alimwita karani wa posta kule Same ndugu, na kwa siku mbili hivi alimwita mama ndugu, mpaka mama alipomtazama kwa namna iliyomfanya asirudie tena.

Safari ya Mombasa ilikuja miaka michache baadaye, nikiwa na miaka tisa. Dada yake mama, mama yangu mkubwa, alikuwa ameolewa huko na mtu wa bandarini, na walikuwa hawajaonana tangu mimi sijazaliwa. Wakati ule kwenda Kenya hakukuwa jambo kubwa kwetu. Ulishuka mlima mpaka Same, ukapanda treni, ukabadilisha Kahe, ukabadilisha tena Voi, ukafika ukiwa na masizi masikioni. Mama alibeba kikapu chenye sufuria ya makande, kwa kuwa hakuamini kwamba nchi ya watu ina chakula. Baba alibeba fimbo yake. Mama alimwuliza ya nini, naye akajibu kwamba mtu hawezi kujua.

Sasa, inabidi uwaelewe watu wa milimani. Sisi kila kitu tulikiona kwanza kutoka juu. Kutoka ukingo wa mlima tuliona uwanda wote wa chini, tuliona mabati ya watu yanang'aa, tuliona treni ikijikokota kama jongoo miaka mingi kabla hatujaipanda. Kwetu kuona ni kutazama chini. Siku ya kwanza Mombasa, mama mkubwa alitupeleka ufukweni kwa mbwembwe zote. Mama alisimama mchangani kwa muda mrefu akitazama ule mstari wa buluu.

"Ndiyo hii?" akauliza.

"Ndiyo hiyo, mdogo wangu. Bahari."

"Mbona siioni? Mimi kitu siwezi kusema nimekiona mpaka nikitazame kutoka juu."

Mama mkubwa alicheka hadi akashika mbavu, lakini mama hakuwa anatania. Siku zote tulizokaa pale nilimwona akitafuta mahali pa kupanda. Alipanda ngazi za nyumba ya jirani, akaona mapaa ya makuti na mabati. Alipanda kifusi cha kokoto, akaona ukuta. Mji wote umelala chini kama mkeka. Siku ya mwisho, treni yetu ikiwa ni ya kesho yake asubuhi, aliniambia jikoni, akinisuka nywele, "Nitarudi nyumbani wataniuliza bahari ikoje, nami nitasema nini? Nitasema ni mstari?" Katika maisha yangu yote ya miaka tisa sikuwa nimewahi kumsikia mama akitaka kitu cha kwake mwenyewe. Nilishtuka kidogo, kama mtu aliyesikia meza inaongea.

Mchana huo baba mkubwa, mumewe mama mkubwa, alirudi akinukia marashi. Ilikuwa sikukuu ya Idi, na karibu na bahari kulikuwa na uwanja wa bembea. "Kuna farasi wa mbao," akaniambia, "kuna vigari vinavyogongana, na kuna gurudumu la chuma lenye viti, refu kuliko mnazi. Ukifika juu unaona bahari yote, na meli zilizoko nje zinazongoja kuingia." Aliniambia mimi, lakini mama ndiye aliyeacha kukuna nazi.

"Tutapanda," baba akasema. Alimtazama mama, akasema tena, "Utapanda gurudumu, mama. Nimesema." Na baba akisema, huwa amesema.

Tulikwenda wanne, kwa kuwa mama mkubwa alibaki na wageni wengine wa sikukuu. Mama alivaa kanga zake mpya na kubeba kikapu, kwani makande yalikuwa bado yapo, naye aliyapika upya kila siku mpaka yakawa kama ndugu wa nne wa safari. Tulikaa kwenye nyasi karibu na farasi wa mbao, tukafunua sufuria. Baba mkubwa aliona haya. Alitazama huku na huko, akasema Mombasa watu uwanjani wanakula kachiri za muhogo na mabuyu, si mahindi na maharage kwenye sufuria. Kisha akaonja. Kisha akaomba kijiko kikubwa. Waume wa ndugu wawili huitana mwanyumba, na baba alimwambia kwa upole, "Kula, mwanyumba, usiogope, watu hawatuangalii," wakati watu walikuwa wanatuangalia sana.

Mama hakula. Alikuwa anatazama gurudumu. Lilikuwa linazunguka polepole juu ya vichwa vya watu, injini ikikohoa, viti vyeupe vikipanda na kushuka. Tiketi zetu alikuwa amezifunga kwenye pindo la kanga, na kila baada ya muda alizigusa.

Tulipofika kwenye gurudumu hakukuwa na foleni. Kulikuwa na rundo la watu. Kila kiti kiliposhuka, wenye viwiko vigumu walijitupa ndani na wengine wakarushwa nyuma. Mwenye gurudumu, mtu mnene mwenye shati lililolowa mafuta ya mashine, alikuwa anapiga kelele bila kusikilizwa na mtu yeyote.

"Hapa ni mabavu tu, mwanyumba," baba mkubwa akasema. "Kaza bega, tuingie."

Baba hakukaza bega. Nilimwona akivuta pumzi puani, akaishika fimbo kama siku za zamu. Msichana mdogo alisukumwa akaanguka mbele yetu, kiatu kikamtoka. Nikajua basi, imekwisha.

"Ndugu wananchi!" baba akanguruma.

Ile sauti ilikuwa imezoea kuvuka bonde. Rundo zima liligeuka. Baba akapita katikati, akachora mstari ardhini kwa fimbo, mrefu, ulionyooka.

"We mzee nani?" kijana mmoja akauliza.

"Mimi ni mgawaji."

"Mgawaji wa nini?"

"Wa zamu," baba akasema, kwa utulivu wa mtu anayetaja kazi inayojulikana dunia nzima.

Mpaka leo sielewi kwa nini walimtii. Labda ni lile koti lake jeusi la kanisani, labda walidhani ndiye mwenye uwanja. Mwenye gurudumu hasa alimtazama kama mtu aliyetumiwa malaika. Dakika chache baadaye watu walikuwa kwenye mstari, na baba akipita akiuliza, "Ndugu, umetoka wapi?" Aliyetoka Kisauni akawekwa nyuma ya aliyetoka Mariakani. Aliyetoka Malindi akapelekwa mbele kabisa, kwa heshima, akishikwa mkono.

"Wa mbali kwanza," baba akatangaza. "Wa mbali ndiye anayeumia."

Hapo roho yangu ikatulia, kwa kuwa hesabu ilikuwa upande wetu. Nikapaza sauti, "Baba! Sisi tumetoka Tanzania!"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Akaniinamia, akasema, "Wewe ni wa nyumba ya mgawaji."

Nilielewa palepale. Nikamtazama mama. Alikuwa amesimama mwisho wa mstari na kikapu mkononi, na usoni alikuwa na lile tabasamu la shambani.

Watu wa Mombasa si wajinga. Walipogundua siri ya zamu, walianza kutoka mbali. Kijana aliyekuwa ametoka Majengo muda mfupi uliopita sasa akawa ametoka Lamu. Mwenzake akatoka Unguja. Mmoja akasema ametoka Arabuni, kwa jahazi, na kinywani bado anatafuna mabuyu ya mama muuzaji wa pale getini. Baba hakubabaika. Alikuwa amezoea watu wanaosema shamba lao ni la mbali kuliko lilivyo. Alikagua vumbi la viatu. Yule wa Arabuni alirudishwa mwisho, nyuma yetu, na bado alimwambia baba ahsante. Baba mkubwa alikuwa amejificha nyuma ya kibanda cha soda, akiomba asikutane na mtu wa kazini kwake.

Nakiri kwamba baba alipendeza siku ile. Watoto wadogo walipanda bila kuumizwa. Wazee walipanda. Mama mmoja mjamzito alipelekewa kiti na akasubiri ameketi. Watu walikuwa wanamwita mzee wetu, na yeye alikuwa amepunguza mwendo ili wamalizie. Jua likaanza kushuka. Kila mara mstari ulipofupika, watu wengine walifika, na baba akawauliza walikotoka, na walikuwa wametoka mbali.

Kisha mwenye gurudumu akapiga kengele. Magharibi imekaribia, akasema, na mafuta ya injini yanaisha. Huu ni mzunguko wa mwisho. Viti vikajazwa kimoja kimoja mpaka kikabaki kimoja, cha watu wawili, kikining'inia mbele yetu. Mbele yetu hapakuwa na mtu tena. Mama akafungua pindo la kanga.

Wakati huohuo bibi mmoja mnene akaja anahema, akiwa peke yake, miguu imejaa vumbi jekundu mpaka kwenye vifundo.

"Umetoka wapi, mama?" baba akauliza. Hakuweza kujizuia.

"Kinango, mwanangu. Gari liliharibika njiani."

"Kinango!" baba akasema, na macho yake yakang'aa kwa furaha ya kweli. "Pita, mama. Pita mbele."

"Baba yao," mama akasema.

Hakupaza sauti, lakini baba aligeuka haraka.

"Nani hapa ametoka mbali kuliko mimi?" mama akauliza.

"Mama, unaijua sheria."

"Naijua. Nimeilimia miaka kumi na saba. Nimekaa mwisho wa mfereji wako tangu nilipoolewa, maharage yangu yanaungua nayatazama, wewe unasifiwa njiani. Sikusema, kwa kuwa niliona ni heshima yako na mimi ninakula humo. Lakini kesho treni inaondoka, na bahari haipo Mhezi. Leo maji haya ni yangu."

Mama akampa baba kikapu. Akakipokea. Kisha mama akamgeukia yule bibi wa Kinango, akamwambia, "Kiti ni cha wawili, dada. Njoo tukae."

"Na mimi?" nikalia.

"Wewe ni wa nyumba ya mgawaji," mama akasema. "Kaa na baba yako."

Mimi sikupanda. Nasema wazi ili ijulikane, kwa sababu kila hadithi hii inaposimuliwa kwenye familia yetu, watu hucheka na hakuna anayeniuliza mimi nilijisikiaje. Nilijisikia vibaya. Nililia kwa kwikwi, nikifuta kamasi kwenye koti la baba la kanisani, naye hakunikataza. Alikuwa ameinua uso. Mkono mmoja fimbo, mkono mwingine kikapu cha makande, na kofia imeanguka hajui.

Kiti cha mama kilipanda. Kilipofika juu kabisa injini ilikohoa ikapunguza mwendo, na nikaiona kanga yake ikipepea. Hakutazama chini kwetu. Uso wake ulielekea baharini, na bibi wa Kinango alikuwa amemshika mkono kwa woga.

"Maharage," baba akasema taratibu, bado akitazama juu. "Yaliungua mara ngapi?"

"Mara mbili," nikajibu. "Nilizoona mimi."

Mfuniko wa sufuria ulianza kugonga ndani ya kikapu alichokishika. Nilimwonea huruma, nami sikutaka kumwonea huruma, kwani nilikuwa bado na hasira zangu mwenyewe.

Mama aliposhuka, macho yake yalikuwa mekundu kwa upepo, au kwa kitu kingine. Alitengeneza kanga, akamuaga bibi wa Kinango kama mtu wa ukoo. Baba akamsogelea.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Ikoje?"

Mama akafikiri. "Ni kubwa," akasema. "Maji yote yale, na hayana mgawaji."

Baba mkubwa alitoka nyuma ya kibanda cha soda akicheka peke yake, na ndivyo tulivyorudi nyumbani, baba akibeba kikapu njia nzima. Miaka michache baadaye mpaka ulifungwa, na mama hakurudi tena Mombasa. Watu wa Mhezi walimwuliza bahari ikoje, naye aliweza kuwaambia: rangi zake tatu, meli zilizosimama nje, na mahali inapojikunja mwishoni. Aliieleza vizuri hata waliowahi kufika pwani wakanyamaza kumsikiliza.

Kiangazi kilikuwa kimeshika tuliporudi. Zamu ya kwanza ya maji iliangukia siku ya Jumanne. Watu walikuwa wamejipanga kando ya mfereji na majembe, wa mbali mbele kama kawaida. Mama alikuwa nyumbani anachambua mboga, kwa kuwa zamu yake ingekuwa jioni, ikiwa ingekuwepo. Baba akazibua ndiva. Maji yakaja kwa kishindo kile cha asubuhi, yakafika kwenye njia panda, na baba akayageuzia shamba letu.

Jirani mmoja, mzee mwenzake, akasema, "Ndugu mgawaji, tangu lini?"

"Mwenye jembe la hapa ametoka Mombasa juzi," baba akasema, akitazama maji na si watu. "Kama yupo aliyetoka mbali zaidi, aseme."

Hakuna aliyesema. Mtu mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote, wakaketi kungoja. Mimi nilikimbia nyumbani kumwita mama. Alitoka mbio na mikono imejaa majani, akanipita, akafika shambani maji yameshaingia, yanatafuta njia, yanamwagika kwenye vijia. Hakuwa amefungua matuta. Alipiga magoti akaanza kuchimba kwa mikono, akicheka, akilia, akiwafokea watu waliokuwa wanamtazama, na baba akatupa fimbo akaingia naye kwenye tope na viatu. Miaka kumi na saba alikuwa amesimama pale kila zamu akiwa tayari, na siku yenyewe ilipofika alikuwa ameacha jembe nyumbani.